Fundi Kaza na Pipa la Mama Mkwe

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Kaza mwenyewe. Nalisema mapema, msomaji wangu, ili usipoteze muda kumtafuta mjinga mwingine humu ndani. Hata yeye ukimkuta leo kibandani kwake atakukubalia bila kubisha, kisha atakuuliza kama bomba la nyumbani kwako halivuji.

Basi turudi sebuleni, maana tuliondoka pale mahali pabaya. Mama mkwe alikuwa ameshika magoti, amepinda kiuno, anashuka taratibu kukalia pipa. Fundi Kaza alikuwa amefungua mdomo kumzuia na sauti imegoma kutoka.

Mama mkwe akakaa.

Pipa halikupasuka. Lilitoa mlio mdogo tu, kwii, kama mlango wa kabati la nguo, likanyamaza. Mama mkwe akajiweka sawa juu ya mto wake, akatazama kushoto, akatazama kulia, uso ukamchangamka.

"Leo nawaona wote vizuri," akasema. "Kama nimepanda kidogo."

Mle ndani mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba kweli amepanda, na kwamba kilichompandisha ni kifuniko.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili kwa jirani na hujui tunazungumzia nini, nikupe kwa kifupi. Fundi Kaza ni fundi bomba. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu akishaikaza koki yako, kuifungua ni kwa kudra. Kazini hiyo ni sifa. Nyumbani ndiko kulikomponza. Alikaza mabomba ya nyumba yote yakaisha, akahamia kwenye vifuniko vya chupa, kutoka hapo akaenda kwenye bawaba za milango, akamalizia na miguu ya kitanda. Mkewe alivumilia mpaka siku aliyokwama bafuni na sabuni machoni, koki haizunguki, ikabidi atoke na taulo akapapase ukuta kumtafuta mtu mwenye spana. Alipomaliza kujisuuza alivaa, akafunga begi, akaenda kwa mama yake.

Mama yake ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na mpaka leo anawaita "watoto wangu", hata wale wenye vipara. Baada ya kustaafu hakuweza kuishi bila kungojea kitu kitoke, basi akaanza kutengeneza mvinyo wa mananasi. Husaga mananasi, hutia sukari na hamira, humimina kwenye pipa la plastiki la bluu ambalo kifuniko chake hubanwa na mkanda wa chuma, kisha hungoja. Pipa hukaa pembeni mwa sebule, ndipo penye joto. Amelifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ameweka mto. Wageni wakizidi viti, yeye hukaa hapo. Amekalia mvinyo wake miaka yote na haujawahi kumlalamikia.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kifuniko kile kina tundu, na tunduni hutoka mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji iliyosimama kando. Mvinyo ukichacha hutoa hewa, hewa hupita mpirani, ikafika majini ikasema blup. Baada ya muda, blup tena. Mama mkwe anasema sauti hiyo humletea usingizi kuliko redio.

Sharti la Fundi Kaza kurudishiwa mke lilikuwa jepesi hata la kuchekesha. Aje Jumamosi moja ashinde ukweni kama mgeni. Asikaze kitu, asilegeze kitu, asiulize spana iko wapi. Akiweza, kikao kitaitishwa na mke atarudi. Akishindwa, begi halitafungwa tena.

Alikuja, akashinda, mikono mapajani. Kila aliyepita sebuleni alimkuta ametulia kama picha ya ukutani. Lakini kuna kipindi mkewe alikuwa uani anaanika nguo, mama mkwe yuko jikoni, na yeye ameachwa peke yake na ile blup. Kumwacha fundi bomba chumbani na kitu kinachovuja ni sawa na kumwacha mwalimu na insha mbovu, kalamu nyekundu iko mfukoni. Alijikaza. Aliimba moyoni. Alikodolea macho dari. Mwishowe akajiambia kwamba atatazama tu.

Alipomaliza kutazama, mpira ulikuwa umechomolewa, tundu limezibwa kwa kizibo cha shaba kutoka mfukoni mwake, kilichozungushiwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, na mkanda wa chuma umebanwa mpaka umekataa kwenda mbele. Ncha ya mpira aliificha chini ya kitambaa ili pipa lionekane kama lilivyokuwa. Akarudi kitini na ile furaha tulivu ya mtu aliyetenda wema bila kutaka shukrani.

Naye mama mkwe, aliposikia blup zimekoma, aliona mvinyo umemaliza kuchacha na kutulia. Akafurahi. Akaamua siku ya kikao ndiyo atakayoufungua.

Siku hiyo ndiyo hii.

Baba Mdogo, mdogo wa marehemu mume wa mama mkwe, ndiye aliyekalia kiti kikubwa. Ni mtu wa koti, kuwe na joto kusiwe na joto, na vikao amevizoea. Kila akisimama hutangaza kwamba ana mambo matatu ya kusema, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kulisikia la tatu. Kumkatiza ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kusinzia.

Alianza kwa kumsifu Fundi Kaza. Alisema wanaume wa kukubali kukaa kimya Jumamosi nzima wamekuwa adimu. Alisema yeye mwenyewe hakuamini, akapita dirishani kuhakikisha, akamkuta kijana ametulia tuli.

Mke wa Fundi Kaza alikuwa mwisho wa kochi, macho kwenye vidole vyake. Aliposikia hivyo aliyainua macho akamtazama mumewe. Hakutabasamu, ila uso ulilegea, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Pipa likasema kwii.

"Sogea kidogo, shemeji," Baba Mdogo akamwambia mama mkwe, "hicho kiti chako kinaongea na mimi naongea."

Mama mkwe akasogea. Mto ukayumba. Fundi Kaza jasho likamtoka kwapani, likashuka mbavuni, likaingia kiunoni.

Kuhusu mvinyo hakujua lolote. Lakini kitu kilichozibwa na kuvimba alikijua kama kiganja chake. Alikuwa amekiona kifuniko alipoingia, kimetuna chini ya kitambaa kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na palepale akaelewa kilichokuwa kikitoka kwenye ule mpira ni nini, na kwamba tangu Jumamosi ile hakijatoka.

Akasema moyoni labda amwondoe mama pale kwa adabu.

Kwanza aliinuka akampisha kiti chake. Mama mkwe akakataa katakata. Yeye akae kitini na mkwewe akae pipani, watu wakipita dirishani watasema nini? Akaambiwa arudi akae. Akarudi, akakaa.

Halafu akasingizia joto, akauliza kama haifai kikao kihamie uani kwenye upepo. Baba Mdogo akamjibu, bila kuonyesha kwamba amekatizwa, kuwa mambo ya ndani yakisemewa uani majirani huja na vigoda vyao.

Mwisho akaomba maji ya kunywa. Hesabu yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba ndiye atakayeinuka. Aliyeinuka ni mkewe. Akaenda jikoni, akarudi na glasi, akampa kwa mikono miwili, na safari hii akatabasamu kabisa. Msomaji wangu, yalikuwa maji mazuri. Fundi Kaza aliyanywa yote huku akijiona mwongo wa daraja la kwanza.

Baba Mdogo akafika mwisho wa jambo la kwanza. Akasema kwa upande wake haoni sababu ya kumweka mwanamke kwa mama yake wakati mume ameonyesha kubadilika. Akamwambia binti akalete begi lake, yeye ataendelea na jambo la pili wakati begi linafungwa.

Binti akasimama, akaingia chumbani.

Hapo ndipo ningependa ujiweke mahali pa Fundi Kaza. Mke anafunga zipu ya begi, sauti inasikika mpaka sebuleni. Baba Mdogo, anayesimama mahali pa baba mkwe, amekwisha kumsafisha. Kilichobaki kwake ni kufunga mdomo kwa muda wa jambo la pili, basi, atoke mlangoni na mkewe. Pipa likipasuka baadaye, nani atajua? Mananasi yana tabia zake.

Akaamua kunyamaza. Nakuambia alivyoamua, simpambi.

Mama mkwe ndiye aliyemharibia. Alipiga makofi madogo akasema watoto hawaondoki kwake midomo mikavu. Mvinyo umetulia, yeye atalifungua pipa sasa hivi, kila mtu apate kikombe kabla ya safari. Alisema mkanda wa lile pipa hauna shida. Yeye huinama tu akauweka uso karibu, kwa sababu macho siku hizi hayaoni kishikizo, akauvuta.

Akainama ubavuni palepale alipokaa kuonyesha anavyoinama. Uso wake ukafika ukingoni mwa kifuniko.

Mke wa Fundi Kaza akatokea mlangoni mwa chumba na begi mkononi.

"Mama," Fundi Kaza akasema, "naomba uinuke hapo. Taratibu, kama unavyoinuka kitandani asubuhi."

Baba Mdogo akamkumbusha kwamba jambo la pili limeshaanza.

"Mama, hilo pipa nililiziba."

Mama mkwe hakuinuka. Alimtazama kwa yale macho ambayo bila shaka amewatazamia akina baba wengi kwenye korido za wodi.

"Uliliziba lini, mwanangu?"

"Jumamosi ile."

"Ile ya mikono mapajani?"

"Ile ile, Mama."

Mkewe akaliweka begi chini. Halikutoa kishindo, lilikuwa begi la nguo tu. Lakini Fundi Kaza alilisikia kuliko alivyokuwa amelisikia pipa.

Baba Mdogo aliuliza kuziba pipa kuna ubaya gani. Fundi Kaza akamweleza kwa maneno machache. Baba Mdogo akasogea nyuma ya kochi ili, alivyosema, apate kuwaona wote vizuri. Kutoka huko akamshauri shemeji yake akimbie.

"Shemeji, mimi sijawahi kumkimbia aliye kwenye uchungu," mama mkwe akasema, "sitaanza leo kwa pipa."

Akainuka pole pole, mkono mmoja umebaki juu ya mto. Akauondoa mto. Akakunja kitambaa, akamkabidhi binti yake akiweke pasipochafuka. Kifuniko kikaonekana, kimetuna, kinang'aa, na katikati yake kizibo cha shaba kizuri sana, kimekaa wima kama pambo. Mama mkwe akaweka kiganja ubavuni mwa pipa, akakishusha, akakipandisha. Akalaza sikio. Akaufumba mdomo.

"Limetimia," akasema. "Na njia halina. Nani ana kifaa?"

Fundi Kaza alikuwa amekuja kikaoni na shati la kupiga pasi, mikono mitupu, begi la kazi ameliacha nyumbani makusudi ili wote waone hakuja nalo. Akatazama sakafu. Kisha akainama, akakunja mguu wa suruali, akachomoa spana kwenye soksi.

"Kwenye kikao cha suluhu," Baba Mdogo akasema nyuma ya kochi.

"Ni ndogo, Mzee," Fundi Kaza akajibu.

Mkewe alisogea akasimama upande wa pili wa pipa, karibu na mama yake.

Kazi ikaanza, na haikuwa rahisi. Maishani mwake Fundi Kaza alikuwa amesifiwa kwa kuwa alichokifunga hakifunguki. Sasa sifa hiyo ilikuwa imekaa mbele yake na haitaki kuzunguka. Alibana spana, akavuta, mishipa ikamtoka shingoni. Kizibo kilimtazama tu. Akavuta tena, kiatu kikateleza kwenye vigae, goti likagonga pipa. Pipa likajibu kwa mlio mnene ambao haukuwa umesikika bado, na Baba Mdogo akashuka kutoka kuonekana kifuani mpaka kuonekana kipara.

"Usilitishe," mama mkwe akasema. "Shika vizuri. Usivute kwa hasira, vuta kwa nia. Pumua na wewe."

Fundi Kaza akapumua. Kizibo kikasogea kidogo sana.

Hewa ikaanza kutoka. Kwanza ni uzi mwembamba wa sauti, sss, na harufu ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi ikajaa sebuleni. Kisha uzi ukawa filimbi.

"Hapo hapo," mama mkwe akasema. "Acha. Usiongeze. Liache lijimalize, halafu utalegeza tena."

Lakini wewe mtu huyu umeshamjua. Masikio yake yalisikia filimbi ya kitu kinachovuja, na mkono wake una akili zake. Kabla kichwa hakijapata habari, spana ilikuwa imeanza kurudi upande wa kukaza.

Mkewe akamshika kifundo cha mkono.

Hakumpiga, hakumkaripia. Alimshika tu, akambana kwa nguvu ambayo Fundi Kaza hakujua mkewe anayo, na akaegemea sikioni mwake.

"Acha lilie," akasema.

Wakakaa hivyo. Filimbi ilipanda, ikapanda, ikafika mahali ambapo mbwa wa jirani alijibu. Fundi Kaza alikuwa anatetemeka kama mtu anayezuiwa kujikuna. Mkono wa mkewe haukutoka. Halafu filimbi ikaanza kushuka, ikawa sss tena, na kifuniko kikazama kidogo katikati.

Mama mkwe akaamuru kulegeza tena, kidogo. Fundi Kaza akalegeza kidogo. Wakangoja. Tena kidogo, wakangoja. Ukweli ni kwamba yule bwana hakuwahi kulegeza kitu nusunusu tangu aijue spana. Kwake kitu kilikuwa kimekazwa au kimeharibika. Alikuwa anajifunza mbele ya mama mkwe, amepiga magoti, jasho linadondokea kwenye pipa.

Karibu na mwisho walijisahau. Kizibo kilikuwa kimebakiza mzunguko mmoja, mama mkwe akageuka kuomba taulo, na kizibo kikaamua kumaliza chenyewe. Kiliruka mpaka darini, kikagonga, kikarudi chini. Nyuma yake likafuata povu, refu, la manjano, likapinda juu ya kochi kwa utulivu kabisa, likamkuta Baba Mdogo ndiyo kwanza anainuka kuuliza kama tayari.

Alisimama na povu nyusini. Akajilamba mdomo.

"Sukari imetosha," akasema.

Mama mkwe akachota kikombe. Akaonja, akaufunga mdomo, akaonja tena. Akatoa taarifa kwamba mvinyo ni mzima, ila umekasirika, na utahitaji kuachwa peke yake kwa muda. Akauchomeka mpira mahali pake, ncha akairudisha kwenye chupa ya maji. Ikasema blup. Fundi Kaza akafumba macho, akayafumbua, mikono ikabaki mapajani.

Kisha wakaanza kugombania begi.

Baba Mdogo, koti limelowa na heshima imelowa, akasema sharti lilivunjwa siku ile ile ya kulitimiza. Kijana alikaa hapa akasifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya, tena akanywa maji. Begi lirudi chumbani.

Mama mkwe akasema hapana, begi liende. Kijana angenyamaza, saa hizi angekuwa njiani na mkewe, na yeye angekuwa amekiinamia kile kifuniko kwa uso wake huu mmoja alionao. Amesema wakati begi liko mlangoni. Wanaume wangapi wanasema wakati begi liko mlangoni?

Baba Mdogo akasema amesema kwa woga. Mama mkwe akasema woga wa nani? Pipa alilikalia yeye, si kijana. Baba Mdogo akasema spana kwenye soksi, hilo nalo tuliite nini? Kabla mama mkwe hajajibu, Fundi Kaza, ambaye mpaka hapo alikuwa anashinda bila kufungua mdomo, akaona ni vyema asaidie.

Akasema yeye anakubali kosa, lakini na wao wamwelewe. Kitu kilikuwa kinavuja. Fundi yeyote duniani akisikia kitu kinatoa mlio ule atakiziba. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa anasaidia.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "nimefanya ukunga mpaka mgongo ukastaafu kabla yangu. Nimesikia watu wakitoa kila aina ya mlio. Sijamziba hata mmoja."

Na bado akarudia kwamba begi liende. Baba Mdogo akarudia kwamba libaki. Libaki, liende, liende, libaki. Walikuwa wanalinyooshea vidole, na begi limekaa pale mlangoni limetulia, kana kwamba ndilo lililoolewa.

Mkewe akaenda akalichukua. Wote wakanyamaza wajue analipeleka wapi. Akalileta katikati ya sebule, akaliweka miguuni mwao.

"Basi lichukueni nyie," akasema. "Mimi nitajua pa kwenda."

Akamgeukia mumewe. Sauti yake haikupanda. Alimkumbusha kwamba Jumamosi ile mama alikuwa jikoni, na yeye mwenyewe alikuwa uani anaanika nguo, dirisha liko wazi. Mtu angekohoa, wangesikia. Alihitaji kupaza sauti mara moja tu akauliza: hiki kinavuja, au ndivyo kilivyo? Wangemjibu. Wangecheka, angekaa, chai ingekuja.

Fundi Kaza akataka kujibu kwamba. Kwamba nini, hakujua. Alitafuta kichwani mara moja tu, mara moja yoyote, aliyowahi kuuliza kabla ya kukaza. Akapitia bafu, akapitia jikoni, akapitia kitanda. Alirudi mikono mitupu. Na alipomwangalia mkewe aliona kwamba naye amekwisha kutafuta huko huko, zamani, na hakukuta kitu.

Alikuwa bado amepiga magoti karibu na pipa. Akaiweka spana sakafuni, akaisukuma mbali, ikaenda ikagota kwenye mguu wa kochi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Mke wangu," akasema, "unataka kurudi nyumbani?"

Baba Mdogo akafungua mdomo, mama mkwe akamkanyaga kiatu. Sebule nzima ikamgeukia mwanamke. Fundi Kaza hakupepesa macho.

Mwanamke akachukua taulo, akampa mumewe afute uso. Akalinyanyua begi lake, akalitundika begani, akasimama katikati, mlango wa nje mkono huu na mlango wa chumbani mkono ule.

"Umechelewa sana kuuliza, mume wangu," akasema. "Sasa niache na mimi nichelewe kujibu."